Daftari la Evanthia

Ghorofa ya nne, Kipseli, Athene, saa tano ya usiku,
Evanthia anafunga hesabu za watu:
za mwenye duka la viatu, za daktari wa meno,
za mjane anayewakodisha watalii chumba cha marehemu.
Simu inatetemeka mezani
kama mende aliyeanguka chali.
Ameinunulia kifuniko cha tatu mwaka huu.

Chakula kimeletwa na kijana wa pikipiki.
Amekula amesimama, macho kwenye kioo cha simu,
na sasa hakumbuki alichokula.
Tumbo linakumbuka.

Basi akapindua ukurasa mpya,
akapiga mistari miwili kwa rula, zikawa safu tatu,
kama alivyofundishwa shuleni habari za yule wa kale
aliyekuwa na bustani nje ya lango la mji
na ambaye watu wamemsingizia ulafi
hata leo, karne ishirini na tatu baadaye.

Safu ya kwanza: maji. Mkate. Usingizi.
Mtu wa kumpigia bila sababu.
(Hapo kalamu ilisita. Aliandika jina, akalifuta.)
Ya pili: pweza wa Jumapili, kahawa ya pili,
shuka zilizokauka juani.
Ya tatu ilijaa upesi, ikamwagikia pambizoni:
gari kama la shemeji,
marumaru bafuni,
kupendwa na watu mia nne asiowajua sura.

Akaanza kesho yake. Aliishi safu ya kwanza tu.
Zeituni saba kwa mlo, si nane.
Siku ya jina la mpwa wake alisukuma keki pembeni
kwa ncha ya kidole, taratibu, ili waone.
Dada yake Poliksene akamwambia,
"Zamani ulikuwa na njaa. Sasa una kiburi."
Akacheka. Lakini ndani ya basi la kurudi
alijikuta akizihesabu zile zeituni upya,
kama bahili anayelala juu ya mkoba wake.

Kwetu tuna neno, kukinai.
Ni kuridhika, ukasema basi, yatosha.
Na ni kuchoshwa, chakula kikakutia kichefuchefu.
Neno moja, na waliolitunga
hawakuona haja ya kutupa mawili.
Evanthia hakulijua, ila alikuwa amesimama katikati yake.

Alhamisi moja mlango uligongwa.
Thrasivoulos wa chini, dereva wa tramu mstaafu,
fulana yake imetoboka begani,
mikononi kichungu cha udongo kimefungwa kwa kitambaa.
"Binamu yangu wa Naksos kaniletea jibini.
Nimeifungua, nimeitazama.
Kula peke yangu nimeshindwa."

Alikuwa amekwisha kula. Zeituni saba.
Ulimi ulikwisha kuandaa samahani
ndipo harufu ilipoingia: maziwa ya mbuzi, chumvi,
majani fulani ya mlimani ambayo bibi yake
alikuwa akiyavunjia ndani ya mchuzi.
"Mkate ninao," akasema. "Wa jana."

Walikula hadi saa sita.
Mzee alisimulia ng'ombe aliyewahi kulala relini
na abiria walioshuka kumbembeleza.
Alikata kipande cha pili, hakuhesabu.
Cha tatu kikamwangukia daftarini, na mafuta,
polepole, yakavuka mstari wa kwanza,
yakavuka wa pili.

Mzee alipoondoka alitafuta pa kuandika *jibini*.
Ya kwanza? Ya pili? Karatasi imelowa,
kalamu haishiki.

Hesabu za daktari wa meno zilibaki.
Simu ilitetemeka mara mbili chini ya kitambaa cha mezani.
Aliosha kisu, akaacha kichungu dirishani
ili kesho awe na sababu ya kushuka ngazi,
akalala na harufu ya mbuzi vidoleni.